Sumaku ya Kiplefti

Mpaka naanza kuota chunusi niliamini, kwa moyo wangu wote na nusu ya maini, kwamba katikati ya kila kiplefti, ule mzunguko wa njia panda, hapa nchini serikali imefukia sumaku. Si sumaku ya spika ya redio kama ile tuliyokuwa tunaiburuta mchangani ikirudi na ndevu za chuma. Sumaku ya ukubwa wa fahali. Kazi yake, nilivyoelezwa, ni kuyapunguza mbio magari yanayoingia mjini. Gari lenye injini nzima linachomoka. Gari lenye injini legevu linanaswa, linaanza kuzunguka, na likishaanza halitoki tena. Kuna familia moja, niliambiwa, inazunguka kwenye kiplefti ya Mwanza tangu mtoto wao ananyonya, na sasa mtoto ameshaoa humo humo ndani ya gari. Wapita njia wenye huruma huwarushia ndizi dirishani. Nikauliza, na maganda wanatupa wapi? Nikajibiwa bila kupepesa jicho: wanatupa pale katikati, ndiyo maana kiplefti zote zina majani mazuri.

Sasa niambie, mtoto gani angebishana na ushahidi wa namna hiyo?

Haya yote yamenirudia juzi kupitia puani. Jirani yangu alikuwa anapaka oili chafu nguzo za zizi lake ili mchwa wasile, na kando yake kulikuwa na lundo la samadi iliyonyeshewa mvua usiku kucha. Upepo ukageuka. Oili iliyoungua na kinyesi cha ng'ombe kibichi, kwa pamoja, vikaniingia mpaka kwenye visigino. Nilishika ukuta. Jirani akaniuliza kama nina malaria. Ningemjibu nini? Ningemwambia kwamba nimenusa utoto wangu na umeoza?

Harufu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya gereji ya mjomba Mwita kule Nyamwaga. Nikisema gereji usifikirie paa wala sakafu. Ilikuwa pembe moja ya boma la ng'ombe la babu, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wameombwa wasogee na hawakusogea. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na alikuwa na pikapu ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Pale walikutana wapenzi wa magari wa kata nzima, wakikalia matairi yenye vipara, wakizungumza habari ya injini tangu jua linatoka hadi mama zao wanakuja kuwafukuza. Wengi wao hawakuwa na gari. Ryoba alikuwa nalo, saluni nyeupe ya chini chini ambayo ekzosi yake iliburuta kwenye matuta ya barabara ya vumbi ikitoa cheche, na kwa hiyo yeye na mjomba walikuwa maadui wa kudumu waliokula sahani moja.

Waliyachunguza magari kama watu wanaonunua ng'ombe mnadani. Gari geni likisimama walilipiga makofi mapajani, wakainama kuangalia chini ya mkia, wakalifungua mdomo. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni ile stiki ya oili. Mjomba aliichomoa, akaifuta kwa kidole cha shahada, na kile kidole, cheusi kama sufuria, akakiweka ulimini. Akafumba macho. Tukainamisha vichwa kama kanisani.

"Imeanza kuwa chungu," alisema. "Hii injini inakula pete za pistoni."

"Hebu." Ryoba naye akachovya. Akasukutua, nasema akasukutua, kutoka shavu hili hadi shavu lile, akatema lidude jeusi lililoning'inia kidevuni likikataa kuanguka. "Mura," akasema, kwa lile neno letu la kumwita mwanamume yeyote, "hapo hakuna pete. Huo ni uchungu wa mafuta machafu ya dizeli. Ulimi wako umekufa."

Mtu akiniletea kichuri sasa hivi, ile supu yetu chungu ya majimaji ya utumbo inayowatoa mbio walimu na manesi wanaoletwa kwetu kutoka mikoa mingine, nitakunywa na kuomba nyongeza. Lakini wale wanaume walitoka kuonja oili wakaenda moja kwa moja kwenye sahani ya ugali, kwa vidole vile vile, na tonge likatoka jeupe likafika mdomoni kijivu. Nilikula upande wangu wa sahani. Upande wangu ulikuwa unapungua kila siku.

Baba alikuwa dereva wa kilori cha kubeba ndizi na mahindi. Alivuka Mto Mara kwenda Mugumu, akarudi, akavuka tena. Safari moja alibeba ndizi na pia cherehani ya mama iliyokuwa imeanza kuruka nyuzi, akasema huko kuna fundi mzuri. Hakurudi. Mwanzoni mama alisema mvua. Halafu akasema daraja. Halafu akaacha kusema. Alikaa na simu kwenye kona ya boma palipokuwa na mtandao, akipiga, na yule mwanamke wa ndani ya simu akimjibu kila mara kwamba mteja hapatikani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nguo zetu akawa anashona kwa mkono.

Siku moja nilimfuata pale gereji nikamuuliza mbele ya watu, "Mama, baba yuko wapi?"

Mjomba alikuwa chini ya pikapu. Akajivuta nje, stiki ya oili katikati ya meno, akanitazama, akamtazama dada yake, akaitoa stiki.

"Baba yako? Amenaswa kiplefti ya Mugumu, mura. Si nilimwambia klachi ya kile kilori imekwisha? Sumaku imemkamata. Anazunguka tu."

Wanaume wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye tairi. Mama hakucheka. Lakini pia hakukanusha. Aligeuka akaenda jikoni, na mimi nikaona kwamba mtu akitajiwa jambo zito la kweli ndivyo anavyofanya, anaondoka bila neno. Na kila kitu kikakaa mahali pake. Simu haipatikani? Sumaku inakula mtandao. Cherehani hairudi? Nayo ni chuma, imenaswa pamoja naye. Sijawahi, hata baadaye nilipokuja kumalizia kidato cha nne kwenye masomo ya jioni nikiwa na mke na ndevu, kuelewa fizikia vizuri kama siku ile.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa nguvu za magari. Wale wengine waliongea kwa starehe. Mimi nilisikiliza kama mtu anayechagua daktari, kwa sababu mojawapo ya magari yale ndilo lingekwenda kumtoa baba yangu.

"Kiplefti ni mbio," Ryoba alifundisha. "Unaingia umeshachanganya, gia ya tatu, gari imelala kwenye kona. Sumaku inashtuka umeshatoka."

"Ikilala hiyo yako inaamka kaburini," mjomba alisema. "Kiplefti ni kuvuta. Gia ya pili, mguu mzito, dume linakaza shingo. Hiyo saluni yako ni mtamba, Ryoba. Nzuri kutazama."

"Mtamba anazaa. Dume lako linakunywa mafuta tu na kujamba moshi."

"Na yule aliyenaswa," niliuliza, "anatolewa na gari la mbio au la kuvuta?"

Wakatazamana. Mjomba akasema la kuvuta, kwa kamba, na akabadilisha mazungumzo. Lakini neno kamba lilikuwa limeshaingia kwangu, likakaa.

Ubishi ule uliamuliwa msimu wa mvua, na hapa ndipo sisi watu wa Nyamwaga tulipoonyesha ulimwengu tulivyo. Kiplefti hatukuwa nayo. Katikati ya boma la babu kulikuwa na lundo la samadi ya miaka mingi, kubwa, la mviringo, lenye mvuke asubuhi kama mlima unaotaka kulipuka. Wakaamua hilo ndilo kiplefti. Gari litakalozunguka lile lundo na kuchomoka kupitia lango la zizi bila kukwama ndilo lenye nguvu. Ng'ombe wakatolewa nje. Mama akasimama langoni na ndoo ya maziwa.

"Mwita, hapo ni choo cha ng'ombe. Siyo barabara."

"Dada, haya ni mambo ya kitaalamu."

Mimi nilipandishwa nyuma ya pikapu kuongeza uzito, ingawa nilikuwa na uzito wa kuku. Mjomba akaingia na gia ya pili, Ryoba nyuma yake na gia ya tatu. Sitasahau. Tairi za mbele zilikata ile samadi kama kisu kwenye uji, na za nyuma zikairusha, na yote iliyorushwa ilikuwa na anwani moja, yaani mimi. Ilikuwa ya moto. Watu hawajui kwamba samadi ndani yake ina joto. Ilikuwa na mabuu pia, weupe, wanene kama vidole vya mtoto, na mmoja aliniingia kwenye sikio akakaa kana kwamba amepanga chumba. Tulizunguka. Moshi wa dizeli, mkojo wa ng'ombe, oili iliyomwagikia ekzosi. Nilitapika kwa kuzunguka pia, duara kamili, hakuna pembe ya boma iliyokosa. Nyuma yetu saluni ya Ryoba ikateleza, ikaingia lundoni kwa ubavu, dirisha likiwa wazi na Ryoba akiwa bado anapiga kelele kwamba anatupita. Alitoka upande wa pili ameziba mdomo. Si kwa mkono. Kwa samadi.

Pikapu ikachomoka langoni. Wanaume wakashangilia. Mjomba akashuka akaipiga kofi kwenye bega, macho yamejaa machozi kabisa, kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa pacha.

Nami nikashuka, kijani kibichi toka utosini hadi vidoleni, nikasimama mbele yake.

"Mjomba, imeshinda. Sasa twende tukamtoe baba."

Shangwe ikafa. Wanaume wazima, wale waliokuwa na uwezo wa kusikia gari likipita mbali huko Kerende wakakwambia silinda ipi haichomi, wote wakagundua kwamba viatu vyao vina uchafu. Ryoba alikuwa anafuta ulimi kwa mkono wa shati. Akasema taratibu, "Mura, mwambie mtoto."

"Nimwambie nini?" mjomba akasema. Halafu akaniangalia. "Tairi kwanza. Tairi za nyuma zimeisha. Tukipata tairi."

Tairi zikapatikana. Ikawa rejeta. Rejeta ikazibwa kwa sabuni na ute wa yai, ikawa plagi. Kila nilipouliza palikuwa na kidude kimoja kidogo kinachosimama kati yangu na baba. Nikikumbuka ile samadi sikioni natema mate. Nikikumbuka zile plagi natema zaidi. Ladha ya samadi iliisha kwa sabuni na maji ya moto. Lakini wale watu kila asubuhi walinyoosha vidole wakaonja oili, wakajua kweli yote ya injini, wakanipapasa kichwani kwa mikono ile ile na kuniambia, bado kidogo, bado kidogo.

Iliyotutoa ni safari ya nesi. Sista Neema, aliyekuja zahanati yetu kutoka Njombe na ambaye kwa muda wote aliokaa kwetu hakujifunza kunywa kichuri, alihamishiwa Mugumu, akamkodi mjomba kubeba kitanda na masanduku yake. Mama aliposikia akasema, "Na mimi naenda." Mjomba akasema nafasi ni ndogo. Mama akaingia ndani akatoka amevaa kitenge cha kanisani, akapanda mbele, akafunga mlango. Mimi nikapanda mapajani mwake, na hakuna aliyenishusha.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na kamba ya ngozi ya kufungia fahali, ndefu, ngumu, iliyolainishwa kwa oili chafu na mafuta ya ng'ombe. Na kwenye mfuko wa nailoni nilikuwa na ndizi mbivu za kumrushia baba dirishani, maana nani ajuaye kama watu wa Mugumu wana huruma kama watu wa Mwanza? Nilizichagua mbivu sana ili asipate shida ya kutafuna. Huko ndani ya pikapu, injini ikichemsha miguu yetu, vumbi la Kerende likiingia kila tundu, ndizi zikaanza kulia machozi. Zikawa nyeusi, zikapasuka, zikatoa uji, uji ukachanganyika na mafuta ya kamba, ukapenya tundu la mfuko, ukanishukia mapajani hadi kwenye kitenge cha mama. Nzi wa kila kijiji tulichopita walipanda bila nauli. Tulipovuka daraja la Mara hata mjomba, mla oili, alitoa kichwa nje.

"Mwanangu," Sista Neema akasema, leso puani, "huo mfuko una nini? Unanuka kama kidonda."

"Shikamoo, Sista. Ni chakula cha baba. Yuko kwenye kiplefti."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kiplefti. Amenaswa. Tunaenda kumvuta."

Sista Neema akamtazama mama. Mama akatazama nje, ambako hakukuwa na kitu ila vichaka na mbuzi. "Dada," Sista akaanza.

"Najua, Sista," mama akasema. "Najua."

Mjomba akaongeza gia bila sababu.

Tukafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa vumbi linalozunguka, mngurumo, magari yaliyochoka yakifuatana kama ng'ombe wa kukanyagia nafaka. Kumbe ilikuwa duara la matairi ya zamani yaliyopakwa chokaa. Katikati kulikuwa na majani, na mbuzi mmoja aliyefungwa akiyala. Pembeni mama mmoja alikaa akiuza karanga, mgongo ameipa sumaku. Na mjomba Mwita, mhubiri wa mguu mzito na dume la kukaza shingo, akaweka gia ya kwanza, akasimama kabisa, akamsubiri mwenye baiskeli apite, akaingia taratibu kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, akatoka.

Hata chafya ni ndefu kuliko pale.

Kwanza nilifurahi. Nikapiga kelele, "Hatujanaswa! Mjomba, hatujanaswa!" Halafu nikageuka. "Baba hayupo. Mjomba, tumempita! Rudi!"

Akarudi. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Tukazunguka, nikiwa nimetoa nusu ya mwili dirishani, kamba mkono huu, mfuko mkono ule, nikitafuta uso mmoja. Tukazunguka tena. Likaingia kilori, rangi ile ile ya kijani kama cha baba, nikaona mkono wa dereva mlangoni, nikarusha. Ule uji wa ndizi ukatua kifuani kwa mtu nisiyemjua.

"We mtoto! Una wazimu? Mnatupia watu mavi?"

"Samahani, kaka!" mjomba akajibu akizidi kuzunguka. Mbuzi alitutazama, akageuza kichwa, akatutazama tena upande wa pili. Harufu, mzunguko, nzi, vyote vikakutana tumboni mwangu kwenye kiplefti yao wenyewe. Nilitapika juu ya gia, juu ya viatu vyeupe vya Sista Neema, juu ya kamba. Niliendelea hata nilipokuwa sina tena cha kutoa, huku nikisema baba, baba, kamasi zikiingia mdomoni.

"Simamisha," mama akasema.

Mjomba akasimamisha kando ya yule muuza karanga. Injini ikazimika yenyewe. Mama akachukua pindo la kitenge chake cha kanisani, lile ambalo tayari lilikuwa limeharibiwa na ndizi, akanifuta mdomo, pua, kidevu, taratibu, bila kukunja uso. Katika watu wote wa hadithi hii ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuziba pua.

"Labda," mjomba akaanza, akiwa ameshika stelingi kwa mikono yote miwili, "labda wamemhamishia kiplefti ya Musoma. Unajua zile sumaku..."

"Mwita, nyamaza."

Mama akanigeuza nimtazame.

"Chacha, hakuna sumaku. Hapo katikati kuna majani na mbuzi. Baba yako alifika hapa, akazunguka kama tulivyozunguka sisi, akatoka kwa njia ile pale, akaenda kwa mwanamke anayeishi nyuma ya soko. Anakaa naye. Kilori chake ni kizima na njia ya kurudi anaijua. Mimi nimekuja kuchukua cherehani yangu. Ifute hiyo kamba, tutaifungia."